Beji ya Korongo

Watu wa Trefaes hawana haja kubwa na majina ya ukoo. Katika bonde ambalo nusu ya watu wanaitwa Jones, na nusu iliyobaki wameoa kwa akina Jones, mtu hujulikana kwa kazi yake. Mtengeneza majeneza, mcheshi kuliko wote, aliitwa Dai Jeneza, na hata mkewe alimwita hivyo. Elfed, aliyesambaza barua kwa baiskeli miaka nenda miaka rudi, aliitwa Elfed Barua hata baada ya kustaafu na baiskeli kuota kutu. Na Emrys Probert, ambaye habari hii ni yake, aliitwa Emrys Mkate, kama baba yake na babu yake, maana tanuri moja liliwalea wote watatu.

Alikuwa mrefu na mwembamba, jambo lililowashangaza wageni, kwani mwokaji hutarajiwa kuwa na kitambi. Mikono yake ilijaa makovu madogo ya moto toka vidoleni hadi kwenye kiwiko. Alifika miaka sitini na ushee bila kuoa. Si kwamba alikuwa na kinyongo na ndoa. Mwokaji hulala wenzake wakila chakula cha jioni na huamka wenzake wakikoroma, na ujana, kama alivyopenda kusema dada yake Olwen, ulimpita kaka huyu akiwa usingizini. Olwen ndiye aliyekaa kaunta pale dukani, na hakuwahi kumeza neno lililomfika mdomoni. Tena Emrys alikuwa na haya. Mwanamke akimsalimia barabarani alijibu, "Mvua hiyo," akageuza njia. Kwa kuwa Trefaes mvua haikosi, jibu hilo lilimtosha mwaka mzima.

Kitu kimoja tu kilimfungua mdomo: beji za wanajeshi wa anga, hasa za vile vikosi vya wanafunzi wa vyuo vikuu.

Mapenzi hayo yalianza utotoni. Nyuma ya kilima kulikuwa na uwanja wa ndege wa nyasi uitwao Maes Du, na huko ndiko wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Penrhosyn walikokwenda kila mwisho wa juma kujifunza urubani. Asubuhi wanafunzi, jioni marubani, na katikati ya hayo njaa. Baba alimtuma Emrys na baiskeli yenye kapu mbele kupeleka mikate na vitumbua vya zabibu vya kukaangwa kwenye bati. Wale vijana wa chuo walimpenda. Walimkalisha kwenye kiti cha rubani, ndege ikiwa imezimwa, wakamwacha ashike usukani na kunguruma kwa mdomo mpaka mate yamwishe. Majira ya joto vikosi vya vyuo vingine vilikuja kupiga kambi hapo, kila kikosi na nembo yake kifuani: mnara, simba, meli, taa, kunguru mwenye miguu myekundu. Watoto wenzake walikariri majina ya wachezaji wa raga. Emrys alikariri nembo. Akikutana na mtu alimtazama kifua na ukosi kwanza, uso baadaye.

Kikosi cha Penrhosyn kilipohamishwa kutoka Maes Du, wanafunzi walimzawadia baba yake ngao ya mbao iliyochorwa nembo yao: korongo wa kijivu amesimama kwa mguu mmoja juu ya kitabu kilichofunguliwa, na taji la kifalme kichwani. Ngao hiyo ikatundikwa nyuma ya kaunta, juu ya rafu ya mikate. Ilikaa hapo mpaka baba akafa, mama akafa, na Emrys akaota mvi. Kila aliyewahi kununua mkate Trefaes alimjua korongo yule.

Mara moja kila mwezi, siku ya Jumamosi, Emrys na Elfed Barua walikaa kwenye ukumbi wa nyuma ya kanisa, na meza moja, kioo cha kukuzia na birika la chai. Watu walileta vitu walivyovikuta kwenye makabati ya marehemu babu zao. Elfed alishughulikia vifungo na mambo ya askari wa miguu. Vya anga vilikuwa vya Emrys. Hapo ndipo ungemsikia akizungumza, tena kwa ufasaha, macho yanang'aa, mikono inaruka kama ya kiongozi wa kwaya.

Basi Jumamosi moja mwanzoni mwa majira ya kuchipua, aliingia ukumbini Nesta Pryce. Alikuwa mjane aliyefanya kazi ya uuguzi Liverpool maisha yake yote, na sasa amerudi nyumbani kwao, kijiji cha bonde la pili. Mwanamke wa umbo la kadiri, nywele fupi nyeupe, hatua za mtu aliyezoea kutembea kwenye wodi. Emrys alikuwa amemwona kanisani majuma kadhaa. Alikuwa amemwambia "Mvua hiyo" mara mbili, na mara zote mbili alikwenda nyumbani akajilaumu njia nzima.

"Hamjambo mabwana," alisema Nesta, akakaa. "Nimeambiwa hapa ndipo penye wataalamu." Akatoa leso mkobani, akaikunjua. Ndani yake palikuwa na beji ya kitambaa, ile ya kushonwa kwenye mfuko wa koti, imetariziwa kwa nyuzi za rangi ya dhahabu zilizofifia. Maneno ya chini yalikuwa yamefumuka yote. Lakini korongo alikuwepo, na mguu wake mmoja, na kitabu chake, na taji lake.

Emrys alimtambua korongo yule kabla leso haijaisha kukunjuliwa. Alifungua kinywa aseme, "Hii ni Penrhosyn, bibi." Kazi ya nusu dakika. Kisha akawaza: nikishasema, atasema asante, atakunja leso yake na kuondoka. Na mimi nitamwambia nini tena maishani zaidi ya habari za mvua?

Akafunga kinywa. Akachukua kioo. Akaitazama beji mbele, akaitazama nyuma, akaipeleka dirishani, akarudi nayo.

"Mm," alisema. "Hii ni kazi ngumu, Bi Nesta."

Elfed Barua alipaliwa na chai.

"Ngumu kiasi gani?" aliuliza Nesta.

"Angalia huyu ndege. Anaweza kuwa korongo. Anaweza kuwa yangeyange."

"Au kuku," alisema Elfed, akipangusa kidevu.

"Nyamaza, Elfed. Vikosi vyenye ndege viko vingi, bibi. Halafu kuna suala la taji. Taji la wakati wa mfalme lilichorwa limeumuka juu, kama mkate uliokubali hamira. La wakati wa malkia limebonyea katikati, kama mkate uliofunguliwa tanuri mapema. Hili nyuzi zake zimelegea, huwezi kujua limeumuka au limebonyea. Ni ya nani hii beji?"

Nesta alitazama leso yake. "Nimeikuta kwenye sanduku la vitu vya zamani pale nyumbani. Ya nani, ndiyo hasa ningependa kujua."

"Basi itabidi tuchunguze," alisema Emrys, na masikio yake yakawa mekundu. "Itachukua muda."

"Muda ninao, Bwana Probert," alisema Nesta. "Nimestaafu."

Alipotoka, Elfed aliweka kikombe chini taratibu. "Emrys. Rafiki yangu. Unaumwa?"

"Sina neno."

"Umemtazama korongo yule kila siku tangu unanyonya!"

"Elfed, ukimwambia mtu, tumekosana mpaka kaburini."

"Mimi? Mimi nilikuwa mtu wa barua, bwana. Siri za bonde hili zote zimepita mkononi mwangu." Akageukia dirishani, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Jioni ile Emrys alikimbilia dukani akapanda ngazi, akaing'oa ngao ya korongo ukutani. Olwen alitoka nyuma na ufagio.

"Wewe, unafanya nini na ngao ya baba?"

"Naipeleka kusafishwa."

"Tangu lini inasafishwa?" Olwen alimtazama kaka yake jinsi anavyoikumbatia ngao kama mwizi wa kuku, na kwa kuwa hakuwa mjinga, akaketi juu ya gunia la unga. "Ni nani?"

"Nani nini?"

"Emrys. Miaka yote hii nimeomba Mungu nikuone na uso kama huo. Ni nani?"

Akamwambia. Olwen alicheka mpaka akashika mbavu, akalia kidogo, akajipangusa na aproni, kisha akaichukua ngao mwenyewe na kuificha chini ya kitanda chake. "Lakini nakwambia," alisema, "njia ya mwongo ni fupi. Huyu mama ni muuguzi. Wale huwajua watu kwa kuwatazama kucha."

Uchunguzi ukaanza. Safari ya kwanza walikwenda kwenye jumba la makumbusho ya ndege, mwendo mrefu kwa gari dogo la Emrys ambalo lilinuka hamira daima. Emrys alikuwa ameandaa la kusema njiani, akaligawa kilima kwa kilima ili lisiishe mapema. Halikuhitajika. Nesta aliuliza, naye akajibu, na kabla hajajua walikuwa wamefika na koo limemkauka. Mbele ya makabati ya vioo alimwonyesha beji za kofia, na zile herufi za shaba za ukosini ambazo vijana wa kujitolea walivaa ili ijulikane kwamba si wanajeshi wa kudumu. Akamweleza jinsi uzi wa waya unavyozungushwa na kushonwa, na kwa nini beji ya mwanafunzi huchakaa pembe ya kushoto: kwa sababu ya mkoba wa vitabu.

"Kwa hiyo hii yangu ilivaliwa na mtu aliyesoma kweli," alisema Nesta, akigusa pembe iliyosagika.

"Au aliyebeba vitabu tu."

Nesta akacheka, kicheko kikubwa kisicholingana na umbo lake, mpaka mlinzi akageuka. Emrys alirudi nyumbani siku ile na kicheko hicho masikioni, akasahau kutia chumvi kwenye mikate ya kesho yake. Mji mzima ulikula mkate usio na ladha, na hakuna aliyelalamika, maana mji mzima ulikwisha kujua.

Safari nyingine walikwenda kwa mzee mmoja mkusanyaji aliyeishi pwani. Naye Emrys alimpigia simu mapema kumwomba ajifanye hajui. Mzee akajitahidi kupita kiasi, akasema beji ile huenda ni ya kikosi cha wanamaji wa Ureno. Ilibidi Emrys akohoe sana. Walikula samaki wa kukaanga kwenye gari, vioo vimejaa ukungu, na Nesta akakishika kiganja chake na kukigeuza.

"Hili kovu ni la nini?"

"Sinia la mikate ya Krismasi. Nilikuwa na haraka."

"Na hili?"

"Mlango wa tanuri. Olwen alikuwa ananisemesha."

"Na hili bichi?"

"La juzi." Akapangusa ukungu kiooni. "Nilikuwa nawaza."

Nesta akatoa dawa ya kupaka mkobani, akampaka polepole, wala hakuuliza alikuwa anawaza nini.

Lakini jinsi siku zilivyozidi kuwa tamu ndivyo moyo wa Emrys ulivyozidi kumchoma. Alikuwa amelelewa na mama mcha Mungu ambaye alimfundisha kwamba mkate wa uzito pungufu ni wizi. Je, huu ulikuwa nini? Mwanamke mwema alitaka kujua ukweli wa kitu cha kwao, naye aliukalia ukweli huo kama kuku atamiaye.

Kisha Nesta akaja dukani kwa mara ya kwanza tangu uchunguzi uanze. Kwa kawaida alinunua mkate kwenye duka la kijijini kwao, lakini siku hiyo aliingia akikung'uta mwavuli, akasalimiana na Olwen kama waliojuana zamani. Macho yake yakapanda ukutani. Pale juu ya rafu palikuwa na alama nyeupe, safi, ambapo rangi ya ukuta haikuwahi kuguswa na moshi.

"Hapo palikuwa na nini, Bwana Probert?"

"Kalenda," alisema Emrys.

"Kalenda yenye umbo la ngao?"

Olwen aliinama chini ya kaunta kutafuta kitu kisichokuwepo.

"Zamani," alisema Emrys kwa sauti ya kufa, "walizitengeneza hivyo."

"Ala," alisema Nesta. "Nipe mkate wa zabibu mmoja, Olwen. Ule mweusi wa zabibu zilizolowekwa kwenye chai." Akalipa, akatoka, na Emrys akaketi juu ya gunia lile lile la unga.

"Basi," alimwambia dada yake. "Nitamwambia. Mwezi ujao wazee wa kikosi wanakutana Maes Du. Nimempangia aje, na hapo nitamwambia mwenyewe kabla mtu yeyote hajamwambia. Akinichukia, na anichukie."

"Mwambie leo."

"Leo siwezi."

"Kwa nini?"

"Leo amenunua mkate wa zabibu," alisema Emrys, kana kwamba hiyo ilikuwa sababu, na Olwen akamkatia kipande cha mkate huo huo.

Siku ya mkutano Maes Du palikucha jua tupu. Uwanja ule sasa ni malisho ya kondoo, ila kipande kimoja kimehifadhiwa na kilabu cha urubani, na kilabu hicho kina ndege moja ya zamani, ya aina ile ile waliyojifunzia wanafunzi, yenye viti viwili, kimoja mbele na kingine nyuma. Wazee walikuja kutoka kila upande, wenye fimbo, wenye wake, wenye wajukuu, wote wamevaa makoti ya buluu na korongo kifuani. Elfed na Dai Jeneza walipanga viti. Olwen alisimamia hema la chai.

Emrys alimngojea Nesta langoni akiwa amevaa tai iliyomkaba. Alipofika, alimchukua kando, karibu na ukuta wa mawe.

"Bi Nesta, kabla hatujaingia nina jambo."

"Hata mimi nina jambo," alisema Nesta. Uso wake ulikuwa umeiva.

"Naomba nianze mimi. Ile beji..."

"Nesta!" sauti iliunguruma nyuma yao. Mzee mnene mwenye mashavu kama tufaha alikuwa anakuja kwa kasi ambayo magoti yake hayakuikubali. "Nesta, dada yangu, nimekutafuta kote! Huchukui simu? Nimepekua sanduku langu pale nyumbani, beji yangu ya koti haimo! Nimekuja mkutanoni kifua kitupu kama mpishi. Hujaiona?" Kisha akaiona leso mkononi mwake, na beji juu yake. "Aa! Hiyo hapo! Umeifungia nini kwenye leso?"

Emrys alimtazama mzee. Alimtambua ingawa miaka imepita: Mostyn, yule kijana mwembamba aliyemkalisha kwenye kiti cha rubani na kumwambia asibonyeze kitufe chekundu.

"Kaka yako?" alisema taratibu.

Nesta hakuinua macho. Mwanamke aliyewaamrisha madaktari miaka yote ile alikuwa anakunja na kukunjua leso kama binti wa shule.

"Kaka yangu," alisema. "Nilijua ni yake. Nilijua ni Penrhosyn. Nilikuja na mama dukani kwenu siku za soko, nikasimama chini ya korongo yule nikingoja mkate. Nimekusalimu kanisani, ukaniambia mvua. Nikakusalimu tena, ukaniambia mvua. Nikamwuliza Elfed, huyu mtu azungumzishwe vipi? Elfed akaniambia, 'Mpelekee beji.' Sikuwa na beji. Nikaiba ya kaka."

Kabla Emrys hajajibu, Olwen alitokea kwenye hema amebeba kitu kikubwa kilichofungwa kwa shuka, akipaza sauti, "Emrys! Mwenyekiti wao anaomba tuwaazime ngao ya baba waitundike juu ya meza!" Shuka likateleza. Korongo wa mbao, kitabu na taji vikamulikwa na jua la Trefaes mbele ya watu wote.

Kondoo mmoja akalia.

"Kalenda," alisema Nesta.

Kisha akaanza kucheka, kile kicheko chake, na Emrys naye akaanza, kwanza puani, halafu kifuani, mpaka akalazimika kuushika ukuta wa mawe. Olwen alisimama na ngao mikononi akisema, "Nimefanya nini? Nimefanya nini?" Elfed Barua alikuwa amejificha nyuma ya viti. Dai Jeneza alimvuta kwa ukosi.

"Wewe ulijua pande zote mbili!"

"Nilikuwa mtu wa barua," alisema Elfed. "Kazi yangu ni kufikisha, si kusoma."

Mostyn alikuwa akigeuza shingo toka mmoja hadi mwingine. "Mtu anieleze," alisema. "Tena polepole, nimekuja kwa treni." Walipomweleza, alimtazama Emrys juu hadi chini, akaona makovu ya mikono, akapiga paji la uso. "Si wewe yule mtoto wa mikate! Ulikuwa unanguruma vizuri kuliko injini. Uliwahi kuruka?"

"Hapana. Kukaa tu, chini."

"Miaka yote hii?" Mostyn akamgeukia rubani wa kilabu, mwanamke kijana aliyekuwa anakagua matairi. "Binti yangu, tafadhali, una nafasi ya mtu mwembamba?"

Hivyo ndivyo Emrys Mkate alivyopanda angani. Walimfunga mikanda kwenye kiti cha nyuma, wakamvika kofia ya masikio, na ndege ikakimbia juu ya nyasi ikimtikisa meno. Aliogopa kwa kiasi ambacho hakuwahi kuogopa. Alisali sala ya mama yake mpaka katikati, kisha nyasi zikashuka, na hakuikumbuka iliyobaki. Bonde lilifunguka chini yake. Aliona mto, akaona kanisa, akaona paa la duka lenye bomba la tanuri, dogo kama kikombe. Rubani akainamisha bawa, na huko chini uwanjani aliona watu kama punje, na mmoja wao alikuwa anapunga leso. Emrys alipiga kelele. Hakujua anasema nini. Rubani alisimulia baadaye kwamba ilikuwa ni orodha ya mikate.

Aliposhushwa, aliketi kwenye nyasi, uso umempauka kama unga, na Nesta akaja kuketi karibu naye, akamshika mkono kutafuta mapigo ya moyo, kwa mazoea ya kazi.

"Yanakwenda mbio," alisema.

"Si kwa sababu ya ndege."

"Najua."

"Nesta." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo bila Bi. "Mimi sijui kusema haya mambo."

"Basi niambie habari za mvua."

Emrys alitazama juu. Mbingu ilikuwa buluu tupu toka kilima hadi kilima. "Leo hainyeshi," alisema.

"Basi huna pa kujificha."

Akasema. Alisema kwa kigugumizi, huku akiangalia viatu vyake, kwamba ana nyumba inayonuka hamira na dada mwenye maneno, na saa za kulala za popo, na kwamba tangu siku ile ya leso hajaoka mkate mmoja bila kumwaza yeye. Nesta alimsikiliza mpaka mwisho, kama amsikilizavyo mgonjwa anayeeleza anapoumwa.

"Nina sharti moja," alisema. "Usiniongopee tena, hata kwa kalenda."

"Na wewe usiibe tena."

"Nimekubali."

Hemani, Mostyn aliyekuwa anawachungulia kupitia tundu la turubai alipiga kelele za shangwe akamwaga chai.

Walioana mwezi wa tisa, kanisani kwao, kwaya ya wanaume ikiimba mpaka madirisha yakatetemeka. Keki ilikuwa kubwa mno kuingia kwenye gari lolote, hivyo Dai Jeneza alilileta gari lake la kazini, jeusi, limeoshwa na kupambwa utepe mweupe, na watu wote wa barabara ya juu walivua kofia kwa heshima lilipopita, wakidhani kuna msiba. Dai alishusha kioo akawaambia, "Vaeni kofia zenu! Ni zabibu na sukari tu!" Wazee sita wa kikosi walisimama mlangoni na makoti yao ya buluu. Mostyn alitoa hotuba ndefu iliyokatizwa na Olwen, kisha akamwomba Olwen wacheze, na Olwen akamjibu kwamba magoti yake hayatamaliza wimbo. Yalimaliza nyimbo nne.

Asubuhi iliyofuata, Emrys aliamka jua likiwa limekwisha panda. Alikurupuka kitandani akatafuta suruali.

"Lala," alisema Nesta, akiingia na chai.

"Mikate!"

"Olwen na yule kijana mpya aliyemwajiri wapo chini tangu alfajiri."

Akatega sikio. Kutoka chini ilipanda harufu ya kitu kilichoungua, na sauti ya Olwen ikimwambia kijana mpya mambo yasiyosemwa Jumapili, na mteja mmoja akiuliza kama ile ni mikate au ni makaa. Emrys aliweka mguu mmoja sakafuni. Nesta akamwangalia. Emrys akautazama mguu wake, akatazama chai, akatazama jua lililokuwa limekaa juu ya blanketi, mahali ambapo hakuwahi kuliona. Akaurudisha mguu kitandani, akasogea ukutani, akamwachia mke wake nafasi.